Mzee wa Nyuzi na Maneno Chini ya Picha

Ukiingia dukani kwake ukaomba uzi mwekundu, hakuinuka. Alikutazama juu ya miwani yake, akauliza, "Mwekundu upi?" Ukisema mwekundu tu, wa kawaida, alitikisa kichwa kama daktari aliyeambiwa na mgonjwa kwamba anaumwa mwili. Kwake kulikuwa na mwekundu wa tofali, mwekundu wa nyanya, mwekundu wa pilipili kavu, na mmoja aliouita mwekundu wa aibu, ambao ulikuwa karibu na waridi. Ulitoka pale na uzi uliouhitaji hasa, au ulitoka mikono mitupu, maana kama hakuwa na rangi yako alikataa kukuuzia iliyofanana nayo. "Utanilaani kila ukikitazama hicho kitambaa," alisema. "Nenda zako, urudi mwezi ujao."

Tulimwita Mzee wa Nyuzi. Duka lake lilikuwa mtaa wa Asiatique, mjini Bujumbura, kati ya duka la vitenge na duka la sufuria, na watu wa familia yake walikuwa wameuza vitambaa hapo mjini tangu zamani, Waarabu wa asili ya Omani. Habari za babu zake wako wanaozijua vizuri kuliko mimi. Mimi nilimjua yeye.

Nilimjua kwa sababu ya foronya. Marehemu mama yangu alidarizi foronya mbili zenye ndege, na jicho la ndege mmoja lilikuwa limefumuka. Nilitaka uzi wa kulirudisha. Sikuibeba foronya yenyewe. Nilibeba picha yake kwenye simu. Picha hiyo ilikuwa kwenye tovuti ndogo ambayo binamu yangu, aliyehamia Kanada, alikuwa ameifungua kwa ajili ya kazi za kudarizi za huku kwetu: foronya, mashuka ya harusi, vitambaa vya meza, vile vitambaa vyeupe tunavyotandika juu ya makochi. Mtu yeyote aliweza kupakia picha ya kazi yake au ya mama yake, na chini ya picha akaandika maneno machache ili mwingine aweze kuitafuta na kuipata. Maneno hayo tuliyaita etiketi. Mimi nilikuwa msimamizi upande wa Bujumbura, maana yake nilikuwa nafuta matusi.

Mzee alichukua simu mkononi mwangu bila kuomba. Aliitazama foronya ya mama kwa muda mrefu, kisha macho yakashuka chini.

"Hapa pameandikwa 'njiwa'."

"Ndiyo, Mzee."

"Nani kaandika?"

"Mi."

"Mwanangu, hawa ni kanga. Tazama madoadoa. Mama yako amekaa wiki nzima anayashona madoadoa haya, moja moja, we unamwandikia njiwa?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Alipitisha kidole kwenye picha nyingine, na nyingine, na uso wake ukazidi kukunjamana. Wakati ule watu wetu waliandika etiketi kama wanavyotupa mbegu shambani, zingine zitaota. Kila kitu kilikuwa "harusi", "upendo", "Mungu", "Bujumbura". Kijana mmoja alikuwa amepakia mto wa kochi akauandikia "mpira", kwa sababu alisikia watu wengi wanatafuta habari za mpira.

"Mutu anatafuta mpira, utamupa mto?" Mzee aliniuliza, na sasa alikuwa anacheka mwenyewe, mabega yakitikisika.

Nilikuja kuijua tofauti hiyo. Alipokasirika, Kiswahili chake kilinyooka kama cha msomaji wa habari redioni. Alipofurahi kilirudi kuwa cha Bujumbura kama chetu. Ulijua hali yake kabla hujamwona uso.

Siku ile hakuniuzia uzi. Hakuwa na rangi ya jicho la kanga. Lakini kabla ya kuniachia simu yangu aliuliza kama mtu mwingine anaweza kupewa ruhusa ya kuyasahihisha yale maneno. Nilimwandikia binamu yangu. Binamu akajibu kwamba kama kuna binadamu duniani anayetaka kazi hiyo, apewe leo.

Hivyo ndivyo muuza nyuzi alivyopata ufunguo wa tovuti yetu. Kila asubuhi, kabla wateja hawajawa wengi, alikaa nyuma ya meza yake ya duka na tableti ambayo binti yake Salma alimpa ili asome Kurani, akapitia picha mpya. Kurani aliisoma kwenye msahafu. Tableti ilikuwa ya etiketi.

Alikuwa na namna yake. Kwanza aliandika kitu chenyewe ni nini: foronya, shuka, kofia. Kisha kilichoshonwa juu yake. Kisha mshono: mnyororo, msalaba, wa kujaza. Hakuandika kwamba kitu kinapendeza wala kwamba kinagusa moyo. Hayo aliwaachia wanaotoa maoni. Kitu asichokijua aliuliza. Wanawake wengi wanaodarizi huku ni Wakristo, walijifunza kwa masista, na vitambaa vyao vimejaa wana-kondoo, vikombe, moyo wenye miiba. Mzee hakuandika tu "dini". Alimwita muuza sufuria wa jirani, ambaye ni katekista, akamuuliza kila kimoja kinaitwaje na kinatandikwa siku gani. Nikawakuta siku moja wameinamia tableti, katekista anamweleza tofauti ya kitambaa cha Komunyo ya kwanza na kitambaa cha altare, na Mzee anaitikia "naam, naam" kwa heshima kubwa.

Wote wawili wasipojua, aliandika "sijui". Hiyo ilikuwa etiketi kamili, kama nyingine. Binamu yangu hakuipenda, alisema inatuaibisha. Mzee akamjibu kwa sauti iliyonyooka sana, kupitia simu yangu: "Anayeandika uongo ndiye wa kuona aibu." Ikabaki. Na ikawa ndio ukurasa unaotembelewa kuliko yote, maana bibi walio Ubelgiji, Kigali na Uvira walianza kuufungua "sijui" kila wiki kuona kama wanaweza kusaidia. Mmoja aliona ua lenye petali zilizopinda upande mmoja akaandika: huo ni mkono wa dada yangu, alikuwa anashika sindano kwa kushoto. Mwenye picha alikuwa amekinunua kitambaa hicho mitumbani. Alimrudishia bibi huyo.

Ungedhani mtu kama huyo hasemi uongo. Alisema. Kwenye droo ya nyuzi za kijani alificha pipi, ingawa sukari ilikuwa imempanda na Salma alimkataza. Nilimkuta anatafuna. "Ni dawa ya kikohozi," alisema, na hakuwa na kikohozi. Alimdanganya pia katekista kuhusu umri wake, akajiondolea miaka kadhaa, na katekista akaniambia kwa siri kwamba anajua lakini anamwacha. Alikuwa mkali kwa maneno ya watu na mlegevu sana kwa yake. Nadhani ndiyo sababu tulimpenda.

Kitu kimoja hakuna aliyewahi kumuuliza, hata mimi. Aliyemuuliza alikuwa Mama Divine.

Mama Divine ni mwanamke wa Carama, mtaa wa pembeni mwa mji, ana shamba dogo la mihogo nyuma ya nyumba, na anadarizi. Alipakia picha ya shuka la harusi lenye mizabibu inayozunguka pembe zote nne. Mzee aliliangalia akaona mishono iliyolingana kama meno ya kitana. Akaandika: shuka, mizabibu, mshono wa kujaza. Na mwishoni akaandika "mashine".

Kwenye tovuti yetu neno hilo halikuwa dogo. Watu waliokuwa nje ya nchi waliagiza kazi kupitia pale kwa sababu walitaka kazi ya mkono. Kulikuwa na familia moja Ubelgiji iliyokuwa imeshakubaliana na Mama Divine kuhusu shuka hilo na foronya zake kwa ajili ya harusi ya binti yao. Waliona "mashine". Wakamwandikia kwamba hawapendi kudanganywa, wakavunja mapatano.

Siku aliyokuja dukani, mafuta ya gari yalikuwa yameadimika tena mjini, mabasi machache, na alikuwa ametembea sehemu kubwa ya njia na shuka lake kichwani ndani ya kitenge. Mimi nilikuwepo, nimekuja kuchukua uzi. Kulikuwa na wateja wengine pia. Hakusalimia.

"Nani ni Mzee wa Nyuzi hapa?"

"Ni mimi, mama. Karibu."

"Sikukuya kukaribishwa." Alilitupa furushi juu ya meza, akalifungua. "Nioneshe mashine iko wapi."

Mzee alivaa miwani. Alielewa mara moja ni nani. Alipitisha kidole juu ya jani moja, jingine, akasema polepole, "Mama, tazama jinsi inavyolingana. Mkono wa mtu hauwezi..."

"Geuza."

"Samahani?"

"Geuza, nimekuambia! Unatazama uso tu. Geuza uone mugongo."

Akageuza. Sote tulisogea. Upande wa nyuma kulikuwa na mafundo madogo, na nyuzi zilizorukishwa kutoka jani hadi jani, na mahali ambapo uzi uliisha ukaunganishwa mwingine wa kijani kilichopauka kidogo. Kwenye pembe moja unywele mweusi mrefu ulikuwa umeshonewa ndani pamoja na uzi, bila mwenyewe kujua. Mashine haina nywele.

Mzee aliweka kidole juu ya ule unywele. Nilimwona masikio yakiiva.

"Ni mkono," alisema.

"Nimejua ni mkono! Ni wangu! Mi nimekaa na hii kitu toka mvua ya kwanza, mutoto anaumwa niko nashona, umeme umekatika niko nashona mulangoni. We unaandika neno moja, basi, imekwisha." Kisha akamuuliza, na sauti yake ikashuka: "We, Mzee, umeshashika sindano siku moja?"

"Apana."

"Hata kifungo?"

"Apana, mama. Mimi nauza tu nyuzi."

"Donc, basi, unahukumu nini?"

Mzee alinigeukia akaniomba nifungue tovuti. Alifuta "mashine" mwenyewe, akaandika "mkono". Kisha akaniambia niandike chini ya picha, kwa jina lake kamili, na alisema neno kwa neno mbele ya wateja wake wote: niliandika kwamba kazi hii ni ya mashine, si kweli, nilitazama mbele tu, ni kazi ya mkono wa mama huyu na sijawahi kuona mkono kama huu. Akataka kulinunua shuka. Mama Divine akakataa.

"Sitaki unihurumie. Nilitaka uone."

Akalifunga shuka lake akatoka. Mimi nilimkimbilia na chupa ya maji, akaipokea, lakini hakurudi kukaa.

Wale wa Ubelgiji hawakurudi. Nilijaribu kuwaandikia, walikuwa wameshapata mshonaji mwingine. Mzee kila siku aliniuliza, "Wamejibu?" na kila siku nilimjibu vilevile, mpaka akaacha kuuliza. Aliweka sharti jipya kwenye tovuti: kila picha ije na picha ya upande wa nyuma, na yeye hataandika mkono wala mashine mpaka ameona nyuma. Watu walilalamika. Aliwasikiliza, na sharti likabaki.

Kisha, Ijumaa moja baada ya swala, alifunga duka akapanda teksi kwenda Carama.

Hili nimelipata kwa Mama Divine. Anasema alimkuta mzee wa Kiarabu mwenye kanzu nyeupe amesimama kwenye tope la kando ya mihogo yake, viatu mkononi. Alidhani amekuja kuomba msamaha tena na alikuwa amechoka na msamaha. Lakini Mzee alisema, "Nimekuja unifundishe."

"Kufundisha nini?"

"Kushika sindano."

"Kwa umri huo?"

Akamtajia ule umri wa uongo. Mama Divine anasema alicheka mpaka akakaa chini, na ukishacheka na mtu hivyo, huwezi tena kumfukuza.

Alimfundisha. Ijumaa kwa Ijumaa, Carama au dukani, kutegemea nani amepata usafiri. Ua lake la kwanza lilifanana na mende aliyekanyagwa. Mama Divine alimchapa vidole kwa lile duara la mbao linalovuta kitambaa, akamfumua kazi yote, akamwambia anza. Mtu aliyekuwa amewafukuza wateja kwa sababu ya rangi alikaa anakemewa kama mtoto wa darasa la kwanza, na Kiswahili chake siku hizo kilikuwa cha Bujumbura kuanzia asubuhi mpaka jioni. Salma hakuelewa. Alinipigia simu kuniuliza huyu mama wa Carama anataka nini kwa baba yake. Nikamwambia anataka ashone mnyororo ulionyooka, na mpaka sasa hajaupata.

Etiketi zake zilibadilika. Zamani aliandika mshono; sasa mara nyingine aliandika pia kilichokuwa kigumu: "pembe imekunjwa", "uzi mmoja tu", "imefumuliwa ikashonwa tena". Watu waliopakia picha walianza kumwandikia asante. Kwao ilikuwa kama mtu ameingia nyumbani mwao akaona wamefanya usafi.

Tulikuwa na wakati mzuri sana, na haukuwa mrefu.

Kiharusi kilimshika dukani, asubuhi, tableti mbele yake. Katekista ndiye aliyemsikia akianguka, ndiye aliyembeba. Alipona, lakini mkono wa kulia ulibaki umelala, na maneno yakamtawanyika. Alitaka maji akasema kiti. Alimwita Salma dirisha. Ubaya ni kwamba alijisikia anapokosea. Neno likishatoka tu uso wake ulijikunja, "apana, apana," akajaribu tena, likatoka baya zaidi, mpaka akanyamaza kwa hasira. "Apana" ndilo neno pekee lililomtii. Salma alimhamishia kwake Kinindo, nyuzi zikauzwa kwa jumla, duka likapata mpangaji wa vipuri vya simu. Etiketi nikabaki nazo mimi. Nilifanya nilivyoweza.

Miezi mingi nilikwenda kumwona na kurudi nyumbani nikiwa na uzito moyoni. Nilizungumza peke yangu, na yeye alitazama bustani. Mara ninayotaka kuieleza ilikuwa alasiri ya Jumamosi. Kinindo kulikuwa kimya kama kawaida yake, mageti yamefungwa, upepo wa ziwa unakuja kidogo. Nilimkuta barazani na Mama Divine. Alikuwa amelifunga duara la kitambaa kwenye ukingo wa meza kwa kamba, ili Mzee aweze kushona kwa mkono mmoja, wa kushoto. Mshono ulikwenda kama njia ya mbuzi. Mama Divine hakumchapa.

"Anajitahidi," aliniambia. "Leo hajatupa sindano."

Nilikuwa na picha mpya kwenye simu na sikuwa na uhakika nayo, kwa hiyo nikamwonesha Mzee, zaidi kwa kutafuta la kusema. Mwanamke mmoja wa Gatumba alikuwa ameipakia, mbele na nyuma, na maneno mawili tu: Gatumba, nyumba. Kila mtu anajua yaliyowapata watu wa Gatumba, maji ya mto na ya ziwa yakiingia nyumbani mwaka baada ya mwaka. Kwenye kitambaa kulikuwa na nyumba ya bati, na chini yake rangi ya udongo mpaka karibu na dirisha, na kando utepe wa bluu. Watu walikuwa wameshajaza maoni: pole sana, Mungu awasaidie, pole dada.

"Nataka kuandika 'mafuriko'," nilisema.

Mzee aliweka sindano chini. Akaivuta simu kwa kushoto, akaisogeza karibu na macho.

"Apana."

Nilishangaa. "Si mafuriko, Mzee?"

"Apana."

"Mto?" Mama Divine alijaribu.

"Apana."

"Ziwa? Mvua?"

"Apana!" Alipiga meza. Akaikuza picha kwa kidole, taratibu, akakiweka kwenye mlango wa nyumba. Mlango ulikuwa wazi. Sikuwa nimeuona. Kisha akakipeleka juu ya bati, penye nyuzi za njano na kijani ambazo mimi nilidhani ni majani.

Mama Divine aliinama. "Yoo. Huu ni mukeka," alisema. "Ameutandika juu ya bati. Anaukausha."

Mzee aliitikia kwa kichwa, haraka, kisha akafanya ishara ya mkono kwamba bado, hatujafika. Kidole kikarudi ukutani, kwenye ile rangi ya udongo, kikaufuata ukingo wake wa juu kutoka pembe moja hadi nyingine. Ulikuwa mstari ulionyooka, mshono wa mnyororo. Na chini ya mstari, nilipotazama vizuri, hapakuwa na maji. Palikuwa na ukuta wenye doa. Utepe wa bluu ulikuwa mbali, kule unakopaswa kuwa.

Sasa nililijua neno nililotaka kumpa, nikafungua mdomo. Mama Divine akanishika goti.

"Mwache."

Mzee alifumba macho. Midomo ilitafuta. "Kiti," alisema, akatikisa kichwa. "Ma... maji." Akapumzika. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso. Salma alikuwa amefika mlangoni na sinia ya chai, akasimama hapohapo. "Maji ya... yame..." Mkono wa kushoto ulisukuma hewa, taratibu, kuelekea ziwani. "Yametoka."

Akafumbua macho.

"Maji yametoka," alirudia, na safari hii lilikuja lenyewe.

Niliandika: Gatumba, nyumba, mkeka juu ya bati, alama ya maji ukutani, maji yametoka. Nikamwonesha kila neno kabla ya kuhifadhi, na alipitisha kidole chini ya kila moja. Salma alimimina chai. Aligeuka pembeni kidogo, akajifuta uso kwa upande wa mtandio, akamuuliza baba yake kama chai ina joto la kutosha.

Hatujaimaliza chai simu ikalia. Mwanamke wa Gatumba alikuwa amejibu chini ya picha yake. Nilimsomea Mzee: "Wote wananipa pole, nami nilishona siku tuliyorudi nyumbani. Aliyeona, asante. Tulirudi."

Mzee alinyoosha kidole kwenye simu, nisome tena. Nikasoma tena.